Barua ya wazi kwa walioshika funguo za anime: mbona anayelipa ndiye anayefungiwa mlango?

KWA: Wakurugenzi wa kampuni zinazoonyesha anime (katuni za Kijapani) mtandaoni, pamoja na wajumbe wa kamati za utayarishaji huko Japani

YAH: MISIMU INAYOKATWA KATIKATI

Waheshimiwa,

Salaam. Kwanza niwatoe wasiwasi: sijaja kuomba vya bure. Mimi ni mteja wenu. Nalipa kila mwezi, na kadi hukatwa hata ule mwezi ambao sikufungua programu yenu hata mara moja. Kwa hilo sijawahi kulalamika. Nataka niwasimulie jambo lililonipata usiku mmoja, halafu tuzungumze.

Nilikuwa nimefika episodi ya 12, ya mwisho katika msimu wa kwanza. Anime yenyewe sitaitaja, wala huduma niliyokuwa nimeilipia, maana ugonjwa huu hauna mwenyewe mmoja. Dakika 21 zilikuwa zimepita. Binti amesimama mbele ya lango la nyumba aliyofukuzwa akiwa mtoto, mvua inamshukia, mkono uko kwenye kitasa. Lango likafunguka upenyo wa kidole. Giza. Wimbo wa kufungia ukaanza, zile sekunde 90 ambazo siku zote naziruka, na siku hiyo sikuziruka kwa sababu moyo ulikuwa bado unapiga. Majina ya wachoraji yakapita mpaka la mwisho. Nikabonyeza "inayofuata".

Kiduara kikazunguka, kikazunguka tena. Kisha maandishi meupe juu ya weusi: video hii haipatikani katika eneo lako.

Nikadhani ni mtandao. Nikatoka, nikaingia upya. Nikaandika jina la anime kwenye kisanduku cha kutafutia, nikaletewa ukurasa wake, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu kama mwehu. Msimu wa kwanza ulikuwepo. Msimu wa tatu ulikuwepo pia, tena umewekewa picha kubwa na neno "mpya". Wa pili haupo! Yaani mtu kauziwa kitabu chenye sura ya kwanza na ya tatu, akiulizia ya pili anaambiwa iko ng'ambo ya mpaka.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja siku ya nne, la adabu tele, likinishukuru kwa uvumilivu na kunieleza kwamba haki za maudhui hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Hilo nilikuwa nimeshalisoma kwenye kioo. Nilichouliza ni lini, na je, yupo mtu anayelishughulikia. Hapo hakuna aliyejibu.

Basi nikafanya kile mlichokuwa mnajua nitafanya.

Sitawaficha kulivyo huko kwa maharamia, maana nashuku wengi wenu hamjawahi kuingia, mnaletewa taarifa tu na mawakili. Unaandika jina, linki ya tatu inafunguka. Ukigusa popote, ukurasa mwingine unachomoza: kamari. Unaufunga, unagusa tena, unachomoza wa pili unaodai simu yako ina virusi kumi na saba na unakuhesabia sekunde. Alama ya X ya kufungia ni ya uongo, imechorwa tu. X ya kweli iko pembeni, ndogo kama punje ya mchele. Mara ya tatu video inaanza. Na hapo, waheshimiwa, ndipo penye aibu: msimu wa kwanza, wa pili, filamu iliyofuata, msimu wa tatu, na ile episodi maalumu iliyotoka na diski peke yake, vyote vimepangwa kwenye ukurasa mmoja kwa mfuatano wa kutazama. Kitufe cha kuruka wimbo wa mwanzo kipo. Ukitaka sauti za Kijapani utapata, ukitaka zilizoingizwa za Kiingereza utapata. Lango likafunguka, binti akaingia ndani.

Nilipotulia nikaanza kuyasoma manukuu vizuri. Katika msimu wa kwanza, mfasiri wenu alikuwa amempa babu mmoja lakabu ya kuchekesha ambayo haimo kwenye Kijapani, aliibuni mwenyewe. Lakabu ile ile ilikuwepo kule kwa maharamia, kwenye msimu wa pili. Manukuu yalikuwa yenu. Mmeshalipa mfasiri na msimu umeshatafsiriwa, faili iko kwenye seva zenu mahali fulani duniani, na mimi ambaye kadi yangu ilikatwa wiki iliyopita nakuja kuisoma kazi yenu kwenye ukurasa wa mwizi uliozungukwa na kamari. Kama mnataka kujua barua hii inahusu nini, inahusu hapo.

Najua yuko atakayesema: washa VPN. Yaani nidanganye kwamba niko mahali nisipo ili nipewe nilicholipia. Na masharti yenu yenyewe, yale marefu ninayokubali bila kusoma, mara nyingi yanakataza hilo. Hivyo njia zote mbili nilizobakiziwa ni za uongo, tofauti yake ni kwamba moja nailipia.

Wala msidhani haya huwapata walio pembezoni peke yao. Mwaka 2018, Violet Evergarden ilipoanza Januari, Netflix iliitoa kila wiki katika nchi kadhaa huku watazamaji wa Marekani, nyumbani kwa Netflix yenyewe, wakisubiri mpaka Aprili. Mwaka mmoja nyuma Little Witch Academia ilikuwa imerushwa Japani tangu Januari, na huko nje ikafunguliwa mwisho wa Juni. Mashabiki waliipa hali hiyo jina, jela ya Netflix, na jina likashika. Kila mmoja wetu, popote alipo, ana siku yake ya kuambiwa "eneo lako".

Tukumbushane tulikotoka, maana mkizungumza juu ya uharamia huwa mnazungumza kama watu waliozaliwa na leseni mkononi.

Kabla ya intaneti ya kasi, anime ilisafiri kwa kanda za VHS. Mtu alipata nakala kutoka Japani, akakaa na kamusi, akaunganisha kompyuta na deki mbili, akaandika manukuu, akawarudufia wengine. Kanda nyingi ziliandikwa onyo kwamba si za kuuzwa wala kukodishwa. Vikundi hivyo vilikuwa na mwiko: kampuni ikinunua haki za anime fulani, wao wanaacha kuigawa. Si wote waliufuata, hilo lazima nikiri, na mambo yalipohamia kwenye torrenti, watu kugawiana faili wenyewe kwa wenyewe mtandaoni, miaka ya 2000 mwiko ukalegea sana. Lakini soko mnalolivuna leo lililimwa na wale watu.

Na Crunchyroll, huduma kubwa ya anime mtandaoni? Ilianzishwa 2006 na vijana waliosoma Berkeley, na ilianza kama mahali ambapo mashabiki walipakia anime bila kibali cha mtu. Mwaka 2008 ikapata mtaji wa zaidi ya dola milioni 4, watu wakapiga kelele, inakuwaje mwekezaji aweke fedha kwenye mzigo wa wizi. Januari 2009 ikajisafisha: ikaondoa visivyo na leseni, ikaingia mkataba na kituo cha TV Tokyo, na Naruto Shippuden ikaanza kuonekana kwa wanaolipa saa moja tu baada ya kurushwa Japani. Asiyelipa alisubiri wiki moja, akatazama na matangazo.

Naomba msome tena sentensi hiyo ya mwisho. Saa moja kwa anayelipa, wiki moja kwa asiyelipa. Mnajua ni watu wangapi waliacha torrenti kwa sababu ya mpango ule? Mimi ni mmoja wao. Nilikuwa sina kadi ya benki wakati huo, nilikuwa mtu wa wiki moja, na sikuona haja ya kuiba kitu ambacho Alhamisi ijayo kingekuja chenyewe. Nilipopata kadi, malipo yangu ya kwanza kabisa mtandaoni yalikwenda kwenye anime. Hakuna aliyenitisha. Nililipa kwa sababu nimekaa kwenye kibaraza cha duka kwa miaka mitatu bila kufukuzwa, na siku fedha ilipoingia mfukoni nilikuwa nimeshakaa mlangoni.

Kibaraza hicho mmekivunja. Kuanzia majira ya machipuko ya 2022, Crunchyroll ikaziweka anime mpya za msimu nyuma ya malipo, ile subira ya wiki moja ikafa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka uliotangulia, Agosti 2021, Sony ilikuwa imekamilisha kuinunua Crunchyroll kutoka AT&T kwa dola bilioni 1.175, na Funimation tayari ilikuwa mikononi mwake. Wakubwa wawili waliokuwa wakishindana wakawa nyumba moja, kisha tarehe 2 Aprili 2024 Funimation ikazimwa.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu habari ya Funimation inaniuma kuliko zote. Kulikuwa na watu walionunua diski halisi, DVD na Blu-ray, kwenye boksi mkawa na kikaratasi chenye namba. Unaiingiza namba kwenye tovuti, unapata nakala ya kidijitali ya kile ulichokinunua. Hawa ndio wateja bora kuliko wote mliowahi kuwa nao: wamelipa mara moja bei kamili, hawadai episodi ya kesho, wana rafu nyumbani. Huduma ilipozimwa, nakala zile hazikuhamia Crunchyroll. Zimeondoka. Aliyetunza diski yake bado anayo. Aliyeiuza au kuigawa akiamini nakala ya mtandaoni inamtosha amebaki na kikaratasi.

Wakati huo huo, mtu aliyepakua anime hizo hizo kwa torrenti mwaka 2011 bado anazo kwenye diski kuu ya kompyuta, na zinacheza. Ninaposema mnamwadhibu anayelipa, ndicho ninachosema.

Wala haikuwa mara ya kwanza duka halali kufunga mlango. Kampuni za Kijapani zenyewe ziliungana mwaka 2013 zikafungua Daisuki, tukashangilia kwamba sasa tunanunua kwa mwenye shamba. Oktoba 2017 ikafungwa. Amazon nayo Januari 2017 ikaja na Anime Strike, ikawataka watu waliokwisha kulipia huduma yake ya Prime waongeze dola 5 kila mwezi ili waone anime. Haikumaliza hata mwaka na nusu, Januari 2018 ikafa. Kila mara orodha zetu za "nimeshatazama" zinakwenda na maji.

Haki isemwe, tovuti za maharamia nazo hufungwa. KissAnime ilianguka Agosti 2020. Agosti 2024 ikaanguka Aniwave, ile iliyojulikana zamani kama 9anime, siku zile zile ACE, muungano wa kampuni za burudani unaopambana na uharamia, ulipotangaza kufungwa kwa FMovies iliyokuwa ikiendeshwa kutoka Vietnam. ACE ilisema mtandao huo ulitembelewa zaidi ya mara bilioni 6.7 kati ya Januari 2023 na Juni 2024. CODA huko Japani inafanya kazi hiyo hiyo tangu 2002. Mimi siwalilii maharamia. Wale wanauza macho yetu kwa wenye kamari, na rafiki yangu mmoja alipoteza barua pepe yake kwa sababu ya kitufe cha "sasisha kivinjari chako" alichokibonyeza huko saa nane za usiku. Mchoraji hapati hata senti moja kutoka kwao. Lakini nawauliza: siku KissAnime ilipofungwa, ni wangapi walihamia kwenu, na ni wangapi walihamia kwenye jina jipya lenye nembo karibu ile ile? Mnazo takwimu zenu. Mimi nina macho tu, na nilichokiona ni watu wakiulizana jina jipya kabla jua halijatua.

Na nyufa nyingine ziko kwenye kuta zenu wenyewe. Agosti hiyo hiyo ya 2024, episodi za anime ambazo bado hazijatoka, Dandadan ikiwemo, zilivuja mtandaoni zikiwa hazijakamilika. Hakuzivujisha mtazamaji wa kawaida mwenye kifurushi cha mwezi. Iyuno, kampuni inayofanya kazi ya manukuu na kuingiza sauti, ilikiri kwamba kulikuwa na uvamizi wa maudhui ya siri. Mimi nikibadilisha simu naulizwa nenosiri, namba ya uthibitisho, na kama kweli ni mimi.

Sasa nije kwenye hoja mnayoipenda: kwamba tukitazama kwa maharamia tunamnyang'anya mchoraji chakula.

Ni kweli na si kweli. Anime nyingi hutengenezwa kwa fedha za kamati ya utayarishaji: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, ya vinyago, na siku hizi mwenye huduma ya mtandaoni. Wao wanaweka mtaji, wao wanagawana haki na faida. Studio iliyochora, isipokuwa iwe imeweka fungu lake kwenye kamati, hulipwa ujira wa kazi na basi. Anime ikilipuka dunia nzima, ujira ni ule ule. Chini yake wako wanaochora michoro ya katikati, ile inayounganisha mkao mmoja na mwingine, na wengi wao hulipwa kwa idadi ya michoro. Mei 2024, kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu kilitoa ripoti juu ya Japani na kikaitaja tasnia ya anime kwa jina lake: mishahara midogo, saa nyingi kupita kiasi, mikataba isiyo ya haki. Na mwaka uliotangulia ripoti hiyo je? Kwa hesabu za AJA, chama cha watengenezaji anime wa Japani, soko la anime kwa mwaka 2023 lilifikia takriban yen trilioni 3.35, na zaidi ya nusu, kama trilioni 1.72, ilitoka nje ya Japani. Yaani ilitoka kwetu, wa "eneo lako".

Kwa hiyo nakubali kwamba nikienda kwa mharamia mchoraji hapati kitu. Ninachowaomba ni mniambie anapata nini nikija kwenu. Wekeni namba hiyo kwenye ukurasa wa malipo, chini ya bei, nami nitakuwa wa kwanza kuwasambazia. Mpaka hapo, acheni kumsimamisha yule kijana wa michoro ya katikati mbele yenu kama ngao.

Niseme na juu ya manukuu, maana hapa mimi ni mshabiki wa kupitiliza na mtanivumilia.

Kuna tukio kwenye anime moja ya zamani: mhusika anapokea barua. Kamera inakaa kwenye karatasi kwa sekunde sita, mwandiko wa Kijapani, hakuna anayesema neno. Katika toleo la mashabiki nililoliona kwanza, tafsiri ilikuwa imeandikwa juu ya karatasi yenyewe, kwa wino wa rangi ile ile, imeinamishwa kidogo kufuata pembe ya barua, na vidole vya mhusika vilipopita juu ya mstari, maneno yalijificha nyuma ya vidole. Mtu alikaa na Aegisub, programu ya kupangia manukuu, akaisogeza ile sentensi fremu kwa fremu, bila kulipwa. Miaka baadaye nikaitazama anime hiyo kwenye huduma halali. Sekunde sita zile zikapita kimya. Karatasi, mwandiko, na chini hakuna kitu. Barua ambayo ndiyo inayomfanya yule mtu avuke bahari katika episodi inayofuata, sikusomewa.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na kwa miaka mingi Crunchyroll yenyewe ilijulikana kwa kutafsiri maandishi ya kwenye picha na kuyapanga mahali pake. Ndiyo maana Oktoba 2025 watazamaji wake walipoona vibao na ujumbe wa simu vimeachwa bila tafsiri, au vimerundikwa chini pamoja na mazungumzo, kelele zilikuwa kubwa. Na miezi mitatu nyuma, Julai, kulitokea kioja kwenye Necronomico and the Cosmic Horror Show: manukuu ya Kijerumani yalitoka yakiwa na maneno yanayosema kwamba ChatGPT ndiyo iliyosema hivyo. Hayakufutwa hata kabla ya kupandishwa. Kampuni ikasema ni mkandarasi aliyekiuka makubaliano. Sawa, lakini kati ya mkandarasi na kioo changu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeisoma episodi nzima? Dakika 24 tu.

Mashine itumike itakavyotumika, siwezi kuzuia mvua. Ila nikilipia tafsiri nataka iwe na mtu ndani yake, kama yule aliyembatiza babu lakabu. Mpeni jina lake kwenye orodha ya mwisho. Nitaacha kuruka zile sekunde 90.

Na mtu asiniambie kwamba hakuna namna nyingine. Muse Communication na Medialink zimekuwa zikiweka anime nzima nzima kwenye YouTube, bure, kihalali, kupitia chaneli za Muse Asia na Ani-One, zikiwa na manukuu na matangazo ya kawaida. Zina mipaka yake ya maeneo, bado kuna milango iliyofungwa, lakini ni kibaraza. Mwenye duka hakufilisika kwa kuwa nacho.

Ninachoomba, basi. Kabla hamjachukua fedha yangu, nionyesheni orodha ya kweli ya vilivyopo mahali nilipo, na vile visivyopo viandikwe kwamba havipo: msimu wa pili, haupo. Nitalipa nikijua. Kitu kikikaribia kuondoka kwa sababu leseni inaisha, tarehe iandikwe juu ya picha yake miezi mitatu kabla, si taarifa ya siku mbili iliyofichwa kwenye ukurasa wa msaada. Mnapokaa mezani kununua haki za msimu wa tatu, ulizeni wa pili uko wapi. Nyie wa kamati, mnapouza kazi vipande vipande kwa wanunuzi watatu, mjue kwamba anayeipokea mwisho ni mtu mmoja aliyekaa kitandani na simu, naye hana mikataba mitatu. Subira ya wiki moja irudisheni, kwa yule ambaye bado hana kadi. Na mtu akinunua kitu kwa bei kamili, aweze kukipakua akabaki nacho, hata siku nyie wenyewe mtakapokuwa hampo. Hili la mwisho najua mtalikataa. Nimeliandika hivyo hivyo.

Kuhusu manukuu kwa lugha ninayoiandikia barua hii, sitasema mengi. Nimezoea kumsoma babu yule kwa Kiingereza.

Jana nimeingia tena kwenye akaunti yangu kabla ya kuandika. Msimu wa kwanza upo. Wa tatu upo, picha bado kubwa, neno "mpya" limeondolewa. Kadi inakatwa tarehe 9.

Wasalaam,

Mteja wenu wa kila mwezi